Mstari Nilioacha Kwenye Ripoti ya Dada

Nilimfokea daktari mbele ya wagonjwa, nikamwita muuaji. Dakika kumi baadaye nilikuwa nimekaa sakafuni ofisini kwake, nikimwomba azime kinasa sauti.

Tulieni niwaeleze, maana nimelibeba hili miezi minne na limenishinda.

Mimi ni mchapaji kwenye kitengo cha picha hospitalini. Mgonjwa akipita kwenye mashine ya CT, daktari wa picha anasema kwenye kinasa sauti alichokiona, mimi nasikiliza na kuchapa ripoti. Daktari wetu huongea polepole hadi unaweza kusinzia katikati ya sentensi. Tunamwita Mzee Taratibu.

Sasa huyu dada yangu ndiye aliyenilea.

Miaka mitatu iliyopita tumbo lilimsumbua, akapigwa picha. Wakakuta kifuko cha maji kwenye kongosho, kile kiungo kilichojificha nyuma ya tumbo. Katikati ya kifuko kulikuwa na punje ya chokaa. Ndiyo, chokaa, mwili wenyewe huitengeneza. Mzee Taratibu akasema ikikaa katikati namna ile, mara nyingi haina neno. Arudi baada ya miaka miwili.

Akarudi mwaka jana. Ripoti ikatoka safi, tukashukuru.

Mwaka huu Dada akaanza kuwa njano. Macho, viganja, kila mahali. Picha mpya ikasema saratani, na imeshafika kwenye ini.

Shemeji alikaa kwenye benchi la korido akalia bila kujificha. Mimi damu ilinichemka. Nikachukua ripoti ya mwaka jana, nikaenda kumvaa Mzee Taratibu.

"Hii hapa! Umeandika chokaa ipo katikati, haina dalili ya hatari. Macho yako yalikuwa wapi, mzee?"

Nilimpa vidonge vyake vyote. Aliniingiza ofisini kwake. Alifunga mlango, akatafuta rekodi ya siku ile, akaifungulia.

Sauti yake ikatoka, polepole kama kawaida. "Ukilinganisha na picha ya awali, kifuko kimefika sentimita nne."

Hapo nilipakumbuka. Kisha ikaendelea.

"Chokaa sasa ipo pembezoni, imezunguka ukuta kama ganda la yai. Ukuta umenenepa. Nina wasiwasi na saratani. Aonwe na daktari wa upasuaji wiki hii."

Nikakaa sakafuni, nikamwomba azime.

Sisi wachapaji tuna ujanja wetu. Mgonjwa akiwa wa kurudia, hatuanzi upya. Tunafungua ripoti yake ya zamani, tunabadilisha tarehe na vipimo, tunarekebisha palipobadilika. Siku ile nilikuwa na ripoti thelathini mezani. Nikaona jina la Dada, nikasema huyu hapangi foleni. Nikabadilisha tarehe. Nikasikia sentimita nne, nikaandika nne. Nikavua visikilizi.

Mstari wa chokaa nikauacha ulivyokuwa.

"Lakini si ulisaini, mzee?"

"Nilisaini," akasema. "Ulinikuta koridoni. Nikaegemeza karatasi ukutani, nikasaini bila kusoma, kwa sababu ni wewe." Akavua miwani. "Nitaandika barua kwa mkuu wa hospitali. Kosa ni letu wawili."

Nikamwomba aniachie nimwambie Dada kwanza.

Nilimkuta sebuleni, amelala kwenye kochi na sweta mbili. "Mbona umekonda hivyo?" akanitania. "Mgonjwa ni nani hapa?"

Nikamweleza yote, nikilia.

"Yule mzee aliniambia," akasema.

"Alikuambia nini?"

"Siku ile ya picha. Alitoka mwenyewe akaniambia, mama, pembeni kuna kitu sijakipenda, ripoti itaeleza, mpelekee daktari wa upasuaji. Niliogopa sana. Halafu ukaja na karatasi, unacheka. Ukaniambia, Dada nenda nyumbani, uko salama."

"Sasa kwa nini hukumrudia ukamuuliza?"

"Nimuulize nini, mdogo wangu, na wewe ndiye uliyeandika?"

Hakunigombeza. Bora angenigombeza. Alinishika mkono, akaniambia nisimweleze shemeji mpaka yeye awe ameondoka, Shemeji asije akanichukia wakati yeye Dada bado anahitaji watu wa kumgeuza kitandani.

Tumemzika wiki tatu zilizopita. Shemeji nimemwambia. Hajanisemesha tangu hapo, na sina cha kumlaumu.

Ukipewa ripoti, isome. Ukiambiwa una chokaa kwenye kongosho, usikimbilie kulia wala kushangilia. Uliza iko wapi, na imebadilika vipi tangu picha iliyopita. Alichokuambia daktari kwa mdomo kikigongana na karatasi, rudi ukamuulize, hata kama aliyechapa ni ndugu yako wa damu.

Rekodi ile ina dakika mbili na sekunde kumi. Mimi nilisikiliza sekunde ishirini.