Mama Uzi na Pini za Dhahabu

"Vua mkanda, mgeni," aliniambia mwanamke aliyesimama mlangoni, kabla hata ya kuitikia salamu yangu.

Nilikuwa nimeshuka ngazi za hospitali nisiyoijua, begi bado begani, nikifuata mishale iliyochujuka rangi hadi chini kabisa. Nikavua mkanda, saa, nikatoa na funguo.

"Suruali ikianguka je?"

"Ianguke. Sumaku ya humu haina aibu."

Wenzake walimwita Mama Uzi. Kila kilichoingia chumbani humo alikisogeza kwenye sumaku ndogo iliyoning'inia kwa uzi. Uzi ukitikisika, kitu kinarudi kilikotoka. Aliwahi kumrudisha mkuu wa kitengo mwenyewe kwa sababu ya kalamu.

Utotoni alifungua redio mbovu mezani kwa babake. Ukubwani, kwa miaka mingi, alijenga pete ya kupigia picha za ndani ya mwili: fuwele nyembamba kama njiti za kiberiti, zilizogandishwa kwa gundi angavu juu ya vitambua-mwanga. Mgonjwa akishadungwa dawa yenye mionzi, fuwele hung'aa kwa mwanga hafifu mno, na pete huunasa. Pete hiyo ilitakiwa ikae ndani ya mashine ya sumaku, ili picha mbili, ya pete na ya sumaku, zipigwe kwa mkupuo mmoja. Mtoto wa dadake alikuwa akilazwa kwa dawa ya usingizi mara mbili, katika majengo mawili, na kuamka kwake kulizidi kuwa kugumu.

"Nimemwambia dada avumilie kidogo tu, itakuwa safari moja," alinieleza.

Jaribio nililoalikwa kulitazama siku hiyo lilikuwa la mwisho. Likishindikana, mkuu alishasema, chumba kinarudi kuwa stoo.

Wakaweka chupa ya maji ndani ya pete. Picha yake ilipaswa kuwa duara jeupe lisilo na doa. Ikatokea imemegwa ubavuni, pengo jeusi tititi.

"Panya kala," alisema mwanafizikia, bwana mnene mpenda mzaha. Safari hii hata yeye hakucheka.

"Kuna chuma humo," alisema mkuu.

"Hakuna, bosi. Kila skrubu imepita kwenye uzi wangu."

"Na pini za nyaya?"

Mama Uzi alivuta kopo la pini. "Zile ni za dhahabu. Dhahabu haivutwi."

Akachukua pini iliyosalia kwenye kopo, akaisogeza. Sumaku ikaifuata taratibu, uzi ukalala upande. Ile dhahabu ilikuwa ngozi tu, ndani ni nikeli, inayovutwa kama chuma.

"Si mzing'oe?" niliropoka.

"Ziko chini ya gundi, mgeni. Ukizigusa, fuwele zote zinapasuka. Na nyingine hatupewi tena."

Mkuu alimwambia pole, akatoka. Mwanafizikia akamfuata.  

Simu yake iliita kwenye droo ya nje, pamoja na saa yangu. Akaipokea akiwa amenipa mgongo.

"Dada... Hapana. Mpelekeni kama kawaida." Akaifunga droo. "Ndiyo. Kote kuwili."

Akavaa viatu vyake vya kwendea nyumbani, akachukua mkoba. Uzi hakuutazama.

"Ukimaliza zima taa, mgeni," alisema.

Nikabaki pale nimeshikilia suruali, nikisikiliza viatu vyake vikipanda ngazi.