Mlango Uliochelewesha Maji ya Moto

Mwanangu, ipo siku moja naikumbuka hata leo mvi zimenijaa. Ilikuwa Auburn, ughaibuni kusini mwa dunia, miaka ya korona, baridi ya Julai. Nilikuwa mzazi mbichi, arobaini ya mtoto bado. Mama mkwe alikuja kutoka Tanga kunilea, mipaka ikafungwa nyuma yake, akawa ananikanda kila asubuhi kwa maji ya moto.

Maji hayo jengo zima tuliyapata kwenye mtambo mmoja wa gesi kule chini. Wakaazi tukapiga kura uondoke, uwekwe mwingine juu ya paa, unaovuta joto la hewani kwa umeme wa jua. Nami nilisema ndiyo; kusema hakuchoshi. Siku ya kubadilisha, gesi ikazimwa asubuhi, na fundi akapita nyumba kwa nyumba kuweka koki mpya. Koki moja ikibaki, maji hayafunguliwi.

Alipobisha kwangu nikamkatalia. Katoka kwenye nyumba za watu, aje apumue juu ya kichanga changu? Maskini, akaenda kukaa ngazini.

Jioni akapiga simu jirani wa chini, nesi Mkenya. "Dada, nimetoka wodi ya korona. Mtoto ananililia na siwezi kumbeba kabla sijaoga. Maji ni barafu."

Mama mkwe, aliyekuwa akichemsha birika jikoni, alisikia yote.

"Zuhura, hofu ni yako, sikulaumu. Lakini baridi umewagawia watu wote. Mficha uchi hazai, na wewe umeshazaa. Sasa waficha nini? Mchukue mtoto mkae kibarazani. Mimi nitafungua madirisha, fundi avae barakoa yake."

Nikakaa kibarazani, mtoto ndani ya khanga na blanketi, meno yakinigongana. Fundi akaitwa kutoka ngazini, wala kazi yake haikukawia. Mara bomba likakohoa, na mama mkwe akasema, "Alhamdulillahi, yanachoma." Nililia kwa faraja, mwanangu. Kule chini nikasikia maji yakimwagika bafuni kwa jirani, na baada ya kitambo mtoto wake akanyamaza.

Basi nasaha yangu ni hii. Kidole kimoja hakivunji chawa, lakini chaweza kuwaacha wenzake wakijikuna. Jambo jipya la wote likija, usiliunge mkono kwenye kura kisha ukalifungia mlango. Ukiogopa, sema unaogopa nini, utafutiwe njia. Mungu akujalie majirani wavumilivu, na wewe akujalie kufungua mapema.