Kipimo Ndani ya Nailoni

Jumatatu ya tarehe 4 Februari 2019, fundi seremala anayeitwa Randa alikivalisha kipimo cha hewa cha chuo kikuu mfuko wa nailoni, akaufunga kwa ukanda wa mpira wa baiskeli, kisha akarudi kwenye kitanda alichokuwa akikipiga msasa.

Kipimo chenyewe kilikuwa kisanduku cheupe kama redio ndogo, kilichopigiliwa asubuhi hiyo kwenye nguzo ya karakana yake na mtafiti wa idara ya mazingira. Kazi yake ilikuwa kuvuta hewa na kuhesabu vumbi lililomo. Mtafiti, mwanamke mchangamfu mwenye viatu vya mpira, aliwaambia mafundi mambo mawili: kwamba kitu hiki ni cha gharama, na kwamba wakitunze. Hakusema kinatunzwaje. Katika safu ile ya karakana, kitu cha gharama hutunzwa kwa njia moja tu. Redio inaimbia ndani ya nailoni. Simu inapokelewa ikiwa ndani ya nailoni. Drili ikimaliza kutoboa inarudishwa kwenye nailoni yake kabla haijapoa. Vumbi la mbao haliogopi bei.

Ndivyo kipimo cha vumbi kilivyokingwa na vumbi. Mtafiti alikuwa akipiga simu siku moja kabla ya kuja kuchukua takwimu, na Randa, ambaye hataki aibu mbele ya wageni, alikuwa akikivua mfuko, akikipangusa kwa kitambaa chenye tone la mafuta ya taa, na kukiacha king'ae.

"Mzee wangu," mtafiti alimwambia, "laiti wote wangekuwa kama wewe."

Hayo ni maneno ambayo hakuna mwingine aliyewahi kumwambia Randa. Ana miaka hamsini na minane na ni mtu asiyekopesha nyundo wala salamu. Jina lake halikutokana na kazi, maana safu nzima inatumia randa kulainishia mbao. Wanasema alipewa kwa sababu kila anayekaa naye huondoka amepungua. Wanafunzi wa ufundi aliowahi kuwa nao wote walikimbia. Mkewe alirudi kwao na hakuna aliyemlaumu. Aliyebaki ni binti mmoja, ambaye Randa alimsomesha kwa vitanda na makabati hadi akaingia chuo kikuu, na ambaye alipofika huko akachagua sanaa za maonyesho.

"Nimepasua mbao ukubwa wangu wote," Randa hupenda kusema, "ili mtoto akasomee kujiangusha sakafuni."

Takwimu za kipimo zilitoka safi kupita kiasi. Mtafiti alishangaa, kisha akatafuta sababu, na msomi akitafuta sababu haikosi kupatikana. Nyuma ya karakana kuna mstari wa miti mirefu. Akaandika kwamba miti ile ndiyo inayozuia vumbi. Halmashauri, ambayo ilikuwa imekusudia kuihamishia safu yote nje ya mji kwa madai ya kuchafua hewa, ikakosa la kusema. Mwenyekiti wa mafundi, mtu mnene anayeitwa Misumari, alizunguka karakana moja moja akitangaza ushindi.

"Vumbi letu limeenda chuo kikuu," alisema, "na limefaulu."

Wakati huo kifua cha Randa kilikuwa kimeanza kupiga filimbi. Alikuwa akisukuma randa mara mbili tatu, anasimama, anashika ukingo wa meza kana kwamba anaipima kwa macho. Hospitali ya chuo hicho hicho ilikuwa ikitafuta watu wa kujaribiwa dawa mpya ya kuvuta kwa mdomo, kwa ajili ya mapafu yaliyoumizwa na vumbi la kazini. Dawa nyingine alishazimaliza bila nafuu. Alienda, akapuliza kwenye mrija, akapuliza tena, na daktari wa mapafu akatikisa kichwa kwa namna ambayo haikuhitaji tafsiri.

"Unavuta sigara?"

"Sivuti."

"Ujanani?"

"Daktari, nimeshakujibu."

Daktari akageuza kioo cha kompyuta ili Randa aone. Kwa mara ya kwanza idara ya tiba na ya mazingira zilikuwa zimebadilishana takwimu, na wakubwa walijivunia jambo hilo.

"Karakana yako ina hewa safi kuliko korido yetu hii," alisema. "Dawa hii ni ya watu walioumizwa na vumbi. Wewe umeumizwa na kitu kingine, na wengi huona haya kukitaja. Siwezi kukuingiza."

Randa alivaa shati bila kufunga vifungo akatoka. Maisha yake yote hajawahi kuweka sigara mdomoni.

Nyumbani, binti alielewa kabla baba hajamaliza kusimulia.

"Baba, ile nailoni."

"Nyamaza."

"Waambie tu. Ukiwaambia unapata dawa."

"Na safu inahamishwa. Mtaani nitaitwaje?"

"Utaitwa hai."

"Hai peke yangu. Mafundi wote kule porini, nani atawafuata kununua kiti?"

Hilo ndilo lililomkaba: akisema anapata pumzi, mafundi wenzake wanapoteza mahali, akinyamaza mahali panabaki, yeye anakwisha. Alichagua kunyamaza. Asisifiwe kwa hilo. Watu wa safu alikuwa hawapendi, nao hawakumpenda; alichoogopa ni kusemwa.

Lakini binti naye alikuwa na utafiti wake. Kwa miaka miwili alikuwa akipiga picha za video karakanani na kurekodi sauti ya baba yake akifanya kazi, kwa ajili ya shahada ya uzamili. Hoja yake, kwa maneno ya idara, ilikuwa kwamba mwili wa mfanyakazi ni ala. Mtihani wake ulikuwa onyesho: yeye jukwaani, na pumzi ya baba kwenye spika. Randa alipolijua hilo, chakula kilipoa mezani.

"Hao madaktari umewapa pumzi yako," binti alisema. "Wa mazingira umewapa nguzo yako. Mimi wa damu yako ndiye wa kunyimwa?"

"Wale hawakuniweka kwenye kichekesho."

"Siyo kichekesho, baba."

"Watu wakikaa kwenye viti kumtazama mtu akikosa pumzi, wewe msomi, hiyo inaitwaje?"

"Inaitwa kusikilizwa."

"Basi mimi sitaki kusikilizwa. Nataka kuachwa. Ukiicheza pumzi yangu, usiniite baba tena."

"Na mtihani wangu?"

"Kajiangushe sakafuni kama kawaida."

Aliicheza. Ilikuwa wiki ya utafiti ya chuo, na kwa kuwa ukumbi mkubwa ulikuwa mmoja, idara zote zilipangwa humo humo. Asubuhi mtafiti wa mazingira alieleza habari ya miti. Baada yake daktari wa mapafu alieleza habari ya dawa. Mchana ikawa zamu ya sanaa. Wasomi wa asubuhi walibaki kwa sababu soda zilikuwa bado hazijaletwa, na Misumari, aliyealikwa na mtafiti kama mgeni wa heshima, alikaa mstari wa mbele akiwa na tai.

Binti alisimama jukwaani akisukuma randa isiyokuwepo juu ya ubao usiokuwepo. Pumzi ya baba yake ilijaa ukumbini, ikipanda, ikikwama, ikikwaruza, na yeye akapumua nayo mpaka sauti mbili zikawa moja. Ukutani nyuma yake ilionekana karakana. Unga wa mbao ulikuwa umetanda hewani mzito kiasi kwamba msumeno wa umeme ulionekana kama uko ndani ya maziwa. Na kwenye nguzo, wazi kabisa, ulining'inia mfuko wa nailoni wenye kisanduku cheupe ndani.

Mtafiti wa mazingira alisimama.

"Simamisha hapo," alisema.

Binti akasimama. Picha ikasimama.

"Kile ni kipimo changu. Kimevalishwa nini?"

Kisha baadhi ya watahini, wakidhani mwanamke yule ni sehemu ya onyesho, wakapiga makofi.

Binti anasema picha ile aliichagua kwa sababu ya mwanga, si kwa sababu ya nguzo. Misumari hamwamini. Baba yake hamwamini pia.

Kesho yake mtafiti alifika karakanani bila kupiga simu, akamkuta Randa amekaa juu ya gogo, na kipimo kimo ndani ya nailoni yake.

"Mwaka mzima, mzee wangu?"

"Ulisema tukitunze."

"Nilisema mkitunze, sikusema mkizike."

"Msomi ni wewe. Ungesema."

"Nimesimama mbele ya watu nikaisifia miti."

"Miti haijakulalamikia," Randa alisema, akakohoa mpaka mtafiti akageuka kutazama pembeni.

Alipoondoka na kisanduku chake, mafundi walikuwa wameshakusanyika, Misumari mbele, safari hii bila tai.

"Umetuuza kwa ajili ya kifua chako."

"Sikumuuza mtu."

"Basi ni yule binti yako. Mmepanga. Unamtuma mtoto akatuvue nguo chuoni, halafu unakaa hapa kukohoa ili tukuonee huruma."

"Mwanangu mwache," Randa alisema. "Nailoni niliifunga mimi."

"Nani alikutuma?"

"Na yako wewe ya redio ulitumwa na nani?"

Wawili watatu walicheka. Misumari hakucheka. Alisema kwamba kuanzia siku hiyo hakuna wa kumshikia Randa ubao, hakuna wa kumwazima umeme, na akianguka aanguke upande wake. Kisha akalipiga teke pipa la gundi, na gundi ikamwagika polepole kwenye maranda. Hakuna aliyeinama kuliinua.

Kipimo kilirudishwa, safari hii kikiwa ndani ya waya wenye kufuli. Kilipofunguliwa kusomwa takwimu, mtafiti aliifuta sura nzima ya miti kwenye ripoti yake na kuanza upya. Hakuzungumza na binti tena, ingawa idara zao ziko kwenye ghorofa moja. Daktari alimpigia Randa simu. Hakuomba radhi kwa habari ya sigara, alisema tu kwamba takwimu zimebadilika na nafasi ipo. Randa akamjibu kwamba mapafu yake hayajabadilika, kisha akauliza aje lini.

Watahini wa sanaa wameamua kwamba onyesho lililokatizwa haliwezi kupewa alama, na kwamba lirudiwe, kwa idhini ya mwenye pumzi. Binti amemwomba baba yake akiwa mlangoni, amemwomba kupitia kwa shangazi, na amemwomba kwa simu. Randa anakata simu. Bado wanaishi nyumba moja na wanapishana jikoni kama wapangaji.

Jumatatu asubuhi Randa anaanza dawa. Halmashauri imetangaza kwamba safu itahamishwa mwisho wa mwezi huu huu, kuanzia upande wa barabarani, na karakana ya kwanza upande huo ni yake.