Kamera Iliyolala na Salfa

Kosa langu la mwanzo lilikuwa kuamini sikio. Nilidhani kamera ya filamu ikilia "kacha" safi, basi ni nzima. Nakiri leo kwa sababu Jumanne nilipigiwa simu kutoka Newala kwamba fundi wa kamera aliyenisahihisha amefariki, na tangu hapo sielewi kama nalia kwa ajili yake au kwa aibu yangu.

Picha nimejifunza mwenyewe, hapa Masasi, kwa kamera kuukuu za bei nafuu. Wakati huo nilikuwa na moja inayong'aa, na nilitaka kumpiga picha bibi yangu wa Lulindi mwenye nembo, zile chale za urembo wa kale, usoni, ambaye hakuwahi kukubali kupigwa picha. Alikubali kwa utani wa bibi na mjukuu: "Moja tu, mume wangu, halafu uniache nipumzike." Kwa woga wa kuiharibu hiyo moja, nilipanda Newala kwa fundi huyo kamera ikapimwe.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Umeleta mgonjwa au maiti?"

Aliifungua mgongo, haina filamu, akaielekeza mlangoni ili nichungulie. Kasi za haraka zilipita vizuri. Kwenye kasi za taratibu, pazia la ndani lilifunguka, likasita, likachelewa kufunga. Kisha akainusa.

"Hii imelala na salfa."

Nilibabaika. Msimu wa kupuliza mikorosho mifuko ya salfa hukaa chumbani kwangu, na kamera nilikuwa nimeiweka juu yake, nikijisifu kwamba pale ni pakavu.

"Nimeifuta yote, mzee."

"Umeifuta uso. Vumbi liko tumboni."

Akaniazima yake, imechubuka, mfuniko umefungwa kwa mpira. Nikauliza kama ni nzima. "Wapi! Kasi ya sekunde moja haina kabisa, na ukivuta filamu kwa pupa inapandanisha picha. Lakini hii najua inaumwa nini."

Sikuelewa, na bado sielewi vizuri, jinsi yenye kasoro mbili inavyoaminika kuliko yenye moja. Nilimshukuru, nikaiacha yake mezani, nikaenda Lulindi na yangu. Siku hiyo palikuwa na mawingu, bibi amekaa barazani, nikalazimika kutumia kasi ya taratibu. Filamu iliporudi kutoka Dar es Salaam, mwanga ulikuwa umezidi, uso wake mweupe kama unga wa muhogo. Nembo hazikuonekana.

Baadaye fundi aliniuliza mara mbili, "Bibi alitoka vizuri?" Nikajibu alitoka. "Basi niletee nimwone." Niliahidi, nikaahidi tena. Bibi naye nilimwambia ilitoka vizuri.

Huku kwetu karibu kila kitu tunanunua kikiwa kimetumika: pikipiki, simu, redio. Tunauliza "ni nzima?", muuzaji anajibu "kabisa", na tunaondoka tumeridhika. Labda hilo ndilo alilokuwa akinifundisha. Labda aliipenda tu kamera yake. Nimekosa wa kumuuliza.

Baada ya mazishi nilikwenda Lulindi nikamwambia bibi ukweli. Alicheka: "Kumbe! Na kitenge changu kipya chote kile!" Kisha akauliza: "Kwa hiyo ningekufa huku unanidanganya?" Nilipomwomba akae tena, alisema atafikiri. Sijapata jibu.

Kilichobadilika ni hiki: siku hizi kila kamera naijaribu kwa filamu nzima, kasi zote, kabla ya kumwelekezea mtu, na picha ikiharibika, namwambia aliyepigwa siku ileile ninayoiona.