Msalaba Uliotupatia Nyumba

Tulipofika Naviundu, mtaa wa Lubumbashi, msalaba ulikuwa tayari umepakwa ukutani, mwekundu, mkubwa kuliko mlango. Kila mtu alijua maana yake: nyumba iko karibu mno na mto, itabomolewa. Mwenye nyumba alituonyesha chumba akijaribu kuuziba msalaba kwa mgongo wake, kisha akacheka mwenyewe.

"Bila ule musalaba, weye ungepata wapi nyumba ya matofali?"

Alisema kweli. Msalaba ndio ulioshusha bei.

Wazazi wetu walikuwa wamefariki wote wawili. Mimi ndiye mkubwa. Niliacha shule nikaanza kuuza makala, yaani mkaa wa kupikia, sokoni. Baba mkubwa alitaka kutugawa: dada yangu aende kwa ndugu walioko Mokambo, mdogo wetu wa mwisho apelekwe Mitwaba kwa shangazi. Nilikataa, nikakataa tena, mpaka akachoka.

"Sawa, bakae na weye. Lakini siku utakosa nyumba, batoto nitabakamata."

Kwa hiyo mto niliupima mwenyewe. Nilichomeka mti ukingoni, nikaufunga kitambaa cheupe. Maji yakigusa kitambaa, tunabeba godoro na kupanda hadi kanisani, kule juu. Vitanda niliviinua juu ya matofali. Mara moja tu, alasiri ya mvua kubwa, kitambaa kiliguswa. Tulipanda, tukaimba pamoja na wengine, kesho yake tukarudi kuzoa tope. Mdogo wangu aliona ilikuwa matembezi.

"Yaya, tutaenda tena lini?"

Yaya ndivyo mkubwa anavyoitwa kwetu. Jina langu hata hakulijua.

Kila kiangazi alikuja mtu wa Leta, yaani wa serikali, na ndoo ya rangi, kuupaka msalaba upya. Wakati wa mvua hatukumwona.

"Hapa mutakufa," aliniambia.

"Papa, tuende wapi?"

"Miye balinipa langi. Habakunipa nyumba."

Hakuwa mtu mbaya. Aliomba maji ya kunywa, mdogo wangu akamletea, naye akampaka tone la rangi puani. Mtoto alikaa nalo siku nzima, hakutaka kunawa.

Kiangazi kimoja alikuja na katapila nyuma yake. Tuliachiwa nafasi ya kutoa vitu, tukavirundika barabarani: godoro, vitanda, magunia ya makala. Nilimweleza habari ya kitambaa. Nilimwonyesha mto, ambao siku ile mtoto angeuvuka bila kulowa magoti. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Weye unaangalia batoto babiri," alisema. "Leta anaangalia muji muzima."

Ukuta wa msalaba ndio ulioanguka kwanza.

Nilizunguka mitaa nikitafuta chumba. Penye ukuta usio na msalaba, bei ilinishinda. Baba mkubwa alikuja akatukuta tumelala kwenye baraza ya watu. Hakugomba. Aliwachukua watoto kama alivyokuwa amesema, dada yangu huku, mdogo wetu kule, na mimi mwenyewe ndiye niliyewafungia nguo zao.

Mvua zilizofuata, mto ulipanda kuliko nilivyowahi kuuona. Ulikipita kitambaa kabla mtu hajakitazama, ukafunika mahali vilipokuwa vitanda vyetu, matofali na yote. Nilisimama juu kanisani nikaangalia. Jirani wa zamani alinishika bega.

"Ushukuru Leta. Batoto bako bazima."

Ni wazima kweli. Lakini mpaka leo, nikiangalia pale, bado nawaona kanisani na mimi, wamekalia godoro, wamelowa, wanaimba. Sijui kama ningewahi kukitazama kitambaa. Hakuna atakayejua.

Juzi nilipiga simu Mitwaba. Mdogo wangu ndiye aliyeipokea, sauti yake imeanza kuwa nzito.

"Ni yaya," nikasema.

"Yaya gani?"

Huko kwa shangazi wako wakubwa wengi, kila mmoja yaya. Nilimtajia jina langu. Nikamsikia akimwita shangazi aje.

"Mama, kuya. Kuko muntu wa Lubumbashi."