Duara Nililomlimia Bwana Shamba

Habari hii sijawahi kuisimulia nyumbani kwangu, na nikisikia mtu akiianza pale Ruiru huwa nainama kujifanya nafunga kamba za viatu, lakini nyinyi ni marafiki na mmeshaanza kucheka, basi sikilizeni.

Nilikuwa nimetoka chuoni Kampala na karatasi yangu ya kilimo, nikachukuliwa kwa majaribio kufundisha wakulima. Bwana Shamba, yule ofisa Mzungu aliyesimamia kilimo upande wetu, alisema Jumamosi atanitazama nikilima kwa trekta mbele ya watu, halafu ataamua: nibaki na kazi, au nirudi kuchuma kahawa na mama yangu. Trekta yenyewe ilikuwa ile ndogo ya kijivu, na dereva wake Mzee Karanja, ambaye hakusoma hata darasa moja. Ijumaa akaniuliza, "Mwalimu, umewahi kuikalia hii, ama nikuonyeshe?"

Hapo ndipo nilipojimaliza. Nilifikiri (mimi hufikiri sana, ni ugonjwa) kwamba nikikubali atawaambia wengine, wengine watamwambia Bwana Shamba, naye atajiuliza nilisomeshwa nini, kwa hiyo nikamjibu, "Mzee, hii nimeisoma." Na kweli nilikuwa nimeisoma. Ningeweza kukuchorea injini yake nikiwa nimefumba macho. Kuiendesha ndiko sikuwahi.

Jumamosi nikavaa viatu vipya kutoka Thika, soli pana kama sinia. Wakulima walikaa kwenye mabenchi, mama yangu mbele kabisa na kitambaa kipya kichwani, na Bwana Shamba akasimama peke yake shambani na fimbo yake. Nikawasha, nikashusha plau, nikavuta mkono wa mafuta, kile chuma cha kuongezea mwendo, trekta ikaondoka vizuri mpaka nikaanza kujipenda. Nilipomfikia Bwana Shamba, aliyekuwa kushoto kwangu, nikataka kusimama, nikapeleka mguu kwenye klachi. Sasa, kwenye trekta ile mguu wa kushoto una klachi, na papo hapo kuna breki ya gurudumu la kushoto peke yake, na soli yangu ikachagua breki. Gurudumu la kushoto likagoma, la kulia likaendelea, nami kwa kuwa nilikuwa na hakika kwamba ni klachi nikazidi kukanyaga, na ule mkono wa mafuta ukiuacha haurudi wenyewe, basi tukazunguka. Wakulima wakaruka mabenchi. Bwana Shamba hakukimbia (nadhani aliona haya kukimbia mbele ya watu aliozoea kuwaamrisha), akabaki katikati akigeuka polepole kunifuata kwa macho, huku namchimbia mtaro pande zote. Nilipita mbele ya mama mara nne. Mara ya tatu nilimsikia akimwuliza jirani kama trekta za wasomi ndivyo zinavyokwenda.

Mzee Karanja akaja akitembea tu, akapanda kwa nyuma, akazima.

Nikaanza kuwaza ni mistari mingapi ya kahawa mama angeniachia. Bwana Shamba akauvuka mtaro, akaugonga kwa fimbo. Siku zile amri ilikuwa matuta, kila mtu achimbe matuta mvua isichukue udongo, na mtu aliyelewa matuta huyaona kila mahali.

"Mzuri sana," akasema. "Maji ikikuja hapa, hapana toroka. Wewe nafundisha watu yote hii."

Nikapata kazi, na wakulima wa kwetu Gatongora wakapata amri ya kulima maduara, ambayo hawajanisamehe mpaka leo. Mwezi uliofuata nikaambiwa wakubwa wanakuja kutoka Nairobi, nirudie yaleyale mbele yao.

Nikaenda kwa Mzee Karanja, kofia mkononi, nikamwomba anifundishe. Akanitazama viatu kwanza.

"Kwenda mbele, mwalimu," akauliza, "ama kuzunguka?"

"Kusimama, mzee," nikamwambia. "Tuanze na kusimama."

Na tangu siku hiyo mtu akiniuliza kama anionyeshe, mimi hukubali, hata kama ni namna ya kushika kijiko.