Magurudumu ya Jirani

Magari ya watu wengine yalifunga gurudumu kwa boliti nne au tano. Letu, lile jeusi la Kifaransa ambalo mume wangu alirithi kwa baba yake, lilitaka boliti tatu, basi. Nililijua hilo kama nilivyojua umri wa watoto wangu, maana kwa miaka miwili nyumbani kwetu Likasi hapakuzungumzwa jambo lingine.

Mume wangu alikuwa fundi wa magari katika karakana ya kampuni ya migodi. Mishahara ilikatika, kisha kazi yenyewe ikakatika, na yeye akalala. Sisemi kwamba aliugua. Alilala tu, uso ameugeuzia ukuta, miezi minne, huku mimi nikiuza unga kwa vikombe sokoni na kurudi kumkuta ananiuliza kama kuna chai. Siku moja akaamka, akaenda uani, akafungua boneti ya gari la baba yake. Sikuuliza kitu. Niliogopa nikiuliza atarudi kitandani.

Gari lilikuwa limekaa juu ya matofali tangu wakati wa uporaji, askari na raia walipovunja maduka ya mji. Mtaani kwetu kila mwenye gari alikuwa amevua magurudumu na kuyaficha, ili wezi wakija wasiweze kuondoka nalo. Majirani zetu wa ukuta mmoja walikuwa na gari la aina hiyo hiyo, na wao pia walivua. Wale walikuwa watu wa asili ya Kasai, ingawa yule mama alizaliwa hapa hapa Likasi, kama mimi. Wakubwa wa mkoa walipowaambia watu wa Kasai warudi kwao, walihamia stesheni, wakalala juu ya mizigo yao wiki nyingi wakisubiri treni. Asubuhi walipotoka nyumbani, yule mama alinipitishia magurudumu manne juu ya ukuta, moja moja, mumewe akisukuma kutoka chini.

"Yaya, unichungie hii ma-roue," aliniambia, maana kwake nilikuwa kama dada mkubwa. "Motokari batabomoa, najua. Lakini hii tutakuya kukamata."

Nikamwitikia. Sikuwa na ujasiri hata wa kumtazama usoni.

Kidepo chetu cha uani, kile chumba kidogo cha kuwekea unga, kilitosha magurudumu manne tu. Mume wangu akayaweka ya jirani ndani, pakavu, nyuma ya magunia. Ya kwetu akayatoa, akayazika chini ya matuta ya viazi vitamu. Nilimwambia siku ileile kwamba ule ni wazimu. Misimu miwili ya mvua ikapita, na udongo wetu umekunywa moshi wa viwanda tangu enzi za wakoloni. Tulipofukua, alitia kidole kwenye rimu kikatokea upande wa pili. Matairi yalikuwa yamepasuka kama visigino vyangu.

Gari la jirani lilibomolewa kweli, mlango leo, kioo kesho. Tulisikia nyundo ng'ambo ya ukuta na tukaendelea kula.

Basi tukaanza kutafuta. Nasema tukaanza kwa sababu alinikokota, akidai jicho langu linaona haraka. Barabarani hapakuwa tena na magari ya kutazama. Magurudumu yake yalikuwa yamehamia kwenye mikokoteni. Ukitaka rimu, ulikwenda sokoni ukainama mbele ya kila mkokoteni wa unga na wa makaa, wenyewe wakidhani umedondosha pete. Mimi nilikuwa na miguu iliyovimba na beseni kichwani, na bado niliinama.

"Hii iko ya matundu ine," mume wangu alimwambia msukuma mkokoteni mmoja. "Ya kwetu iko tatu."

"Papa, toboa tu ingine. Chuma iko chuma."

Ah, nani alimtuma! Mume wangu alimsomesha yule bwana palepale juani: rimu ikitobolewa kwa kukisia hukaa upande, hutetemeka, boliti hulegea, na siku moja gurudumu hukupita njiani ukiliangalia. "Utaua bantu," alimaliza. Yule bwana alisikiliza kwa adabu, kisha akaenda zake na unga wake.

Matairi nayo yalikuwa na visa vyake. Lenye kipimo chetu halikuwa na meno hata moja. Lenye meno lilikuwa la pikapu, lingekwangua bodi kila kona. Jingine lilikuwa limeshonwa ubavuni kwa waya, na muuzaji akalisifia kana kwamba ni gauni la harusi. Mume wangu alitia mkono ndani ya kila moja, akapapasa taratibu kama mkunga, halafu akatikisa kichwa. Tulirudi kwa miguu.

Na kila jioni tulipita mbele ya mlango wa kidepo. Yale manne yalikuwa ya matundu matatu. Yeye alijua, na mimi nilijua. Nilichota unga kwenye magunia ya mbele na kule nyuma sikutazama kabisa.

Uchovu ule ulinifanya mkali. Niligombana na kila mtu. Hata mafuta ya mawese yalikuwa yakipungua kwenye chupa kuliko sombe, yale majani ya muhogo, tuliyopika, na niliwasema binti zangu kwamba wanalamba, hadi mmoja akalia.

Kisha mume wangu akarudi kulala. Mtu mmoja wa kule Kamatanda alikuwa amemwahidi rimu mbili za matundu matatu, tukaenda, tukakuta zote zina ufa. Siku ya kwanza nilimwacha. Siku ya tatu, bado yuko ukutani, nikaanza kuhesabu upya ile miezi minne. Nilimtaka yule mtu wa boneti, hata kwa kelele zake zote.

"Papa," nilimwambia, "bale bantu habatarudi. Kamata ma-roue yabo."

Akanirudishia ahadi yangu. "Weye njo ulipokea," akasema.

"Minye njo nilipokea, minye njo nakupa!"

Hakugeuka. Nikatoka kwa hasira, nikaingia kideponi, nikavuta magunia ili niyaburute mwenyewe hadi uani.

Yalikuwa yamelazwa juu ya mbao, yasiguse sakafu. Rimu ziling'aa. Kwenye kila tairi palikuwa na alama za chaki, nyingi, za kila mara alipoligeuza lisikae upande mmoja. Pembeni palikuwa na kitambaa cha kitenge changu cha zamani, chekundu kwa mawese. Harufu ilikuwa ya jikoni kwangu.

Niliketi juu ya gunia. Niliona haya, ile haya inayochoma masikio.

Nikasikia hatua. Alikuwa amesimama mlangoni, shati wazi.

"Grese ilikwisha," alisema akielekeza kidole kwenye rimu, kama mtu anayeomba radhi. "Na jante inakula kutu mbio hapa. Uliona ya kwetu."

Nilirudisha magunia mahali pake. Yeye alinishikia upande mmoja, na alipokuwa ameshaamka namna ile hakuona sababu ya kulala tena. Kesho yake tukaenda sokoni kuinama. Rimu mbili tulizipata kwenye mkokoteni wa makaa, ya tatu chini ya makalio ya mama mmoja muuza samaki aliyeifanya kigoda, ya nne baada ya miezi mingine mitano. Gari likatoka getini kwa matairi manne yasiyofanana, likichechemea, na binti zangu, ambao nilikuwa nimewaomba msamaha, wakalipigia makofi.

Gari lile limekwisha, na mwenyewe nimemzika. Yule mama wa ng'ambo ya ukuta bado hajaja. Kila mvua zikikaribia nanunua mawese chupa mbili, moja ya sombe, na nyingine naingia nayo kideponi.